Maombi kwa Ajili ya Angèle

Macho ya Mama Berthe yalipoanza kufifia, mumewe Cyrille, karani mstaafu wa hapa Likasi, alianza kumsomea riwaya kila alasiri. Berthe alitaka za mwandishi mmoja tu, Élise, binti wa mji huuhuu. Katika vitabu vya wengine, alisema, hata mwizi anayekimbizwa huongea kama mhubiri. Watu wa Élise waliongea kama watu.

Shida ni kwamba Cyrille alipenda lugha safi, akawa anasahihisha kimyakimya huku akisoma. Siku moja alifika pale Angèle, muuza maandazi, anapomgombeza mume wake mvivu.

"'Bwana wangu, mbona warudi na njaa ilhali hukufanya kazi?'"

Berthe, ambaye humwita mumewe kwa jina la mtoto wao, akainua mkono. "Papa Franck, acha kinywa ya muntu vile iko. Angèle hawezi kusema vile. Soma yenye iko mu kitabu."

Cyrille akakohoa. "'Weye, unarudia na njaa sawa muntu mwenye ametoka kulima, na kazi yako ni kuikala tu!'"

"Njo yeye!" Berthe akacheka hadi kilemba kikamteleza.

Alhamisi, kwenye maombi ya wanawake, kiongozi wao Jeancy aliuliza nani ana hitaji. Berthe akasimama.

"Tuombee Angèle. Bwana yake anakula faida yote ya maandazi, na yeye mugongo inamuuma."

Akaeleza mateso yote kwa maneno ya Angèle mwenyewe. Wanawake wakatokwa na machozi.

Jumamosi Jeancy na wenzake wakabisha hodi kwa Berthe, wamebeba sabuni, unga na sukari.

"Tupeleke kwa Angèle," Jeancy akasema.

"Angèle?" Cyrille akashangaa. "Yule ni wa kitabuni!"

Jeancy akamgeukia Berthe taratibu. "Mama, ulitudanganya mbele ya Mungu?"

"Miye? Nilisema iko na mateso. Si iko nayo? Hakuna mwenye aliniuliza anaikala wapi."

Jeancy akaketi kwa kishindo. "Baba Cyrille, soma. Tusikie huyu muntu mwenye tulimulilia."

Berthe akachemsha chai, na sukari ya Angèle ikafunguliwa. Kurasa chache tu, mmoja akaapa kwamba huyo ni jirani yake kabisa. Jeancy naye akasema mume wa namna hiyo anamjua, ila hatamtaja.

Cyrille, ambaye sasa hakuthubutu kugusa hata neno moja, akafika kwenye jibu la yule mume. Akajinyoosha kitini, akapiga mwayo:

"'Angèle, miye sikimbie kazi. Nayo inanitafuta, ni vile tu hatuyaonana bado.'"

Wanawake wakapiga kelele. Walipoondoka, Jeancy alimkumbatia Berthe, akachukua tena sabuni aliyoileta, akampita Cyrille bila kumuaga, kana kwamba ndiye mume wa Angèle. Mzee wa watu akabaki mlangoni, mkono ameunyoosha.