Shoka Nisilolishika

Mie sikupasua gitaa la mtu. Naanza na hilo kabla sijasema lingine, maana kuna watu kutoka hapa Hollis Bend mpaka Memphis, na huko ng'ambo kwa wazungu ambao hata sura yangu hawaijui, wanaoamini kwamba mie Verlene Gatewood nilichukua shoka, nikapasua gitaa la mume wangu, nikalifanya kuni za kupikia maharage. Wanaamini kwa sababu Ozell aliimba hivyo. Miaka hamsini na moja ameuimba wimbo huo. Na miaka hamsini na moja mie nikiingia dukani kununua unga, watu wananiangalia mikono.

Sasa nikisema Ozell mwongo, msidhani nasema hajui kuimba. Hapo ndipo penye balaa lenyewe. Kama angekuwa anakoroma kama wale vijana wa siku hizi, nani angemsikiliza?

Nilimjua toka tukiwa watoto wa kuburuta magunia ya pamba kwenye shamba la Tolliver. Baba yake alikwenda kaskazini akapotelea huko. Alilelewa na mama yake, Mama Lugenia, mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache. Ozell alipokuwa na miaka saba alichukua waya wa ufagio akaupigilia kwenye ukuta wa nyumba yao, akabana chupa chini ya waya, akawa anaupiga. Nyumba nzima ikawa inalia. Mama Lugenia yuko ndani anakaanga kambare, sufuria zinatetemeka ukutani. Mama mwingine angetoka na fimbo. Yeye alitoka na mikono ya unga, akasikiliza, akasema, "Hiyo chupa isogeze juu kidogo." Akarudi kwa samaki wake.

Siku moja, ana miaka kumi na tatu, akaanza kuimba katikati ya pamba. Haukuwa wimbo, hakuna neno hata moja, sauti tu ilikuwa inamtoka. Tulikuwa watu kama sitini shambani siku ile. Mikono yote ikasimama. Nyumbu akasimama. Msimamizi, Bwana Crull, akaja mbio na farasi kututukana. Alifika, akafungua mdomo, akaufunga. Akavua kofia, akajifanya anafuta jasho. Sikumwona mzungu yule akivua kofia mbele ya mtu mweusi kabla ya siku ile, wala sikumwona baada yake. Mie nilikuwa na miaka kumi na mbili na nywele zilinisimama mpaka za mikononi.

Ndipo Mama Lugenia akaamua mwanawe apate gitaa la kweli. Misimu miwili alichuma pamba yake, akimaliza anachuma na ya majirani, vidole vinatoka damu. Akaagiza gitaa kwenye kile kitabu cha bidhaa za posta. Lilipofika stesheni alilifuata kwa miguu, akalibeba begani maili sita, maana hakutaka kulipakia kwenye mkokoteni likatikisika. Alivyolikabidhi, hakutoa hotuba. Alisema tu, "Usilikalie."

Tukaoana na Ozell nina miaka kumi na minane. Siku za wiki analima, Jumamosi anapiga gitaa kwenye vilabu. Mwaka wa pili wa ndoa, Jumamosi moja akatoka na gitaa. Akarudi Jumapili adhuhuri, watu wanatoka kanisani, ananuka wiski, gitaa hana, na miguuni kavaa viatu vipya vya rangi mbili, vyeupe na vyekundu kama pipi.

"Gitaa liko wapi?"

"Kwa fundi."

"Fundi gani anayefanya kazi Jumapili?"

"Verlene, mama, kichwa kinaniuma."

"Na hivyo viatu kakupa fundi?"

Akajilaza, akageukia ukuta. Jumanne yake sikumkuta kitandani. Alikwishapanda treni ya Memphis. Lakini kabla ya kupanda alipita kwa mama yake kuaga, akashindwa kumwambia ukweli, akamwambia mie nimelipasua gitaa kwa wivu.

Wiki hiyohiyo kaka yangu Cleotha akaja kuniambia kamwona mtu mmoja wa Marks, mji wa jirani, Dub Sykes, kakaa kwenye ngazi za kilabu anapiga gitaa la Mama Lugenia. Kalipata kwa Ozell, kwa wiski na jozi ya viatu. Nilitoka mbio mpaka kwa mama mkwe.

"Mama, gitaa liko Marks. Twende ukalione kwa macho yako."

"Kilabuni?"

"Kilabuni, mama. Dakika moja tu."

"Sijaingia kilabu cha pombe toka nibatizwe," akasema, "na sitaingia kwa ajili yako." Akafunga mlango wa wavu.

Majira ya baridi kile kilabu kikaungua, gitaa likaungua nalo. Ushahidi wangu ulikuwa huo tu.

Mwaka wa hamsini na tatu, saa sita mchana, napita njia panda na kapu la nguo za watu kichwani. Kwenye kilabu cha pale walikuwa na ile mashine ya kutumbukiza senti inapiga santuri. Nikasikia jina langu. Nikasimama. Alikuwa Ozell, anaimba Verlene kashika shoka, na gitaa jipya linalia nyuma yake kama mtu aliyefiwa. Nilisimama pale juani mpaka mwisho. Shingo inauma, kapu sikulitua. Nami naujua ukweli wote, lakini haki ya Mungu, nilililia lile gitaa. Alivyofika kwenye maharage nilikuwa najilaumu kwa kosa ambalo sikulifanya. Mtu anakudhulumu, halafu anakuliza kwa dhuluma yenyewe! Nani mwingine ameweza hilo?

Nikamwendea Mama Lugenia mara ya mwisho. Alikwishausikia wimbo, nani Hollis Bend alikuwa hajausikia?

"Umesikia anavyolia?" akaniuliza. "Mtu hawezi kudanganya kwa sauti ile."

Nitamjibu nini, na mie mwenyewe nilimwamini kwa dakika tatu?

Wimbo ule ndio uliompeleka Chicago. Mchana alikuwa anabeba nyama kwenye machinjio, jioni anaimba, na watu waliotoka huku kwetu walikuwa wanakwenda kumsikiliza wakilia machozi kwa kukumbuka nyumbani. Alizunguka kusini nzima kwenye basi bovu, analala humohumo maana hoteli zilikuwa hazitupokei. Wakampeleka ng'ambo. Alimwandikia Cleotha barua, eti wazungu wa kule wanakaa kimya mikono mapajani kama wamekuja kuaga maiti, halafu ukimaliza wanapiga makofi mpaka unaogopa. Mwaka wa sabini na moja mlango wa gari ukamvunja vidole viwili vya kushoto. Madaktari wakasema basi. Yeye akakaa mwaka mzima jikoni kwake anajifunza upya kwa vidole vilivyobaki, akarudi jukwaani, na waliomsikia wanasema alikuwa anapiga vizuri kuliko zamani. Naamini. Yule hata ungemwachia kidole gumba tu, angekuliza.

Lakini mama yake alikuwa amekwishakufa, mwaka wa sitini na mbili. Aliacha maneno kwamba chakula cha Verlene kisiingie nyumbani kwake siku ya msiba. Nilipika sukuma na nyama ya nguruwe, nikaipeleka kama mtu yeyote anavyopeleka. Dada Eula, mzee wa akina mama kanisani, akanirudishia sufuria mlangoni, kitambaa bado kimefungwa juu. Ozell alikuja kuzika. Alisimama kaburini na suti yake nzuri. Nikamwangalia. Ilimtosha neno moja tu, watu wote wapo. Akaangalia chini, akarudi Chicago.

Hilo sikumsamehe. Uongo wa kijana mlevi ni kitu kimoja. Kumwacha mama yako anashuka udongoni nao ni kitu kingine.

Mwaka huu, Jumapili ya tatu ya Agosti, siku wale waliohamia kaskazini wanaporudi kanisani kwetu na kusafisha makaburi, Ozell naye akaja. Ana miaka sabini na minne, kakonda, meno ya mbele hana, fimbo mkononi. Baada ya ibada tukala nje, meza zimepangwa karibu na uzio wa makaburi. Mchungaji wa sasa ni kijana, hana habari na mambo ya zamani ya gitaa kuwa la shetani. Akamwekea Ozell kiti, akamwambia, "Baba, tuimbie." Watu wakaanza kupiga kelele, "Wimbo wa shoka! Wimbo wa shoka!" Wajukuu zangu mwenyewe wamo, wanapiga kelele vilevile.

Ozell akaniona. Nilikuwa nimekaa meza ya pili. Akasita. Halafu vidole vikaanza, na mara zile nyuzi zikalia, na uwanja mzima ukatulia, mpaka watoto.

Bluzi ina utaratibu wake. Mwimbaji anasema mstari, anaurudia, halafu anaumalizia. Na kila baada ya mstari anaacha nafasi gitaa lijibu.

"Verlene kashika shoka," akaimba, "gitaa la mama kalipasua."

Akaacha nafasi. Nikasimama.

"Gitaa alikuwa nalo Dub Sykes wa Marks," nikasema.

Watu wakacheka. Walidhani natania. Dada Eula, ana miaka tisini, akageuka na kiti chake cha magurudumu. "Verlene, kaa chini. Mwache mzee wa watu aimbe."

"Sikai. Nimekaa vya kutosha. Imba, Ozell."

Akarudia mstari ule, lakini sauti imeshuka. Akaacha nafasi, maana mpigaji wa kweli hawezi kuvunja mdundo, hata ukimshikia bunduki.

"Ulilibadilisha na wiski," nikasema. "Wiski na viatu vya rangi mbili. Mama yako yuko pale nyuma ya uzio, hatua ishirini. Haya, malizia."

Hakuna aliyecheka tena. Pale ndipo panapokuja maharage. Ozell hakuimba maharage. Vidole vikazunguka, vikarudi mwanzo, vikazunguka tena, mdomo umefungwa. Mchungaji akataka kusogea, nikamwonyesha kiganja, akabaki pale alipo. Gitaa limezunguka mara nne, mara tano. Halafu yule mzee akajivuta na kiti chake, bila kuacha kupiga, mguu baada ya mguu, mpaka akawapa watu mgongo, akayatazama makaburi.

"Mama," akaimba, "Verlene hakushika shoka. Gitaa lako nililinywa."

Ilikuwa sauti ile ya shambani. Sijui aliiweka wapi miaka yote hiyo. Imekwaruza, imepungua pumzi, lakini ndiyo yenyewe, ile iliyomvua Crull kofia. Nikashika meza.

"Verlene hakushika shoka, mama. Gitaa lako nililinywa."

Nyuzi zikajibu. Akavuta pumzi.

"Lililobaki nikalivaa miguuni, mama, nikakimbia."

Mama Lugenia alisema mtu hawezi kudanganya kwa sauti ile. Safari hii alisema kweli, na uwanja mzima ulijua. Wanaume wazima walikuwa wameshika kofia vifuani. Dada Eula alikuwa analia kimyakimya, pua inamtoka, hajifuti.

Ozell akalaza mkono juu ya nyuzi, zikanyamaza. Akageuza kichwa kunitafuta.

"Basi, Verlene?" akasema. "Yamekwisha?"

Mie nikatazama nyuma. Wale wa kaskazini walikuwa wamejazana mpaka kule kwenye magari yao, wengine wamenyoosha shingo, wanaulizana kasema nini.

"Bado," nikamwambia. "Rudia. Walio nyuma hawajasikia."

Akageukia makaburi, akarudia.