Maji Kwenye Tanuri la Mwanamvua

Mwanamvua wa Rusimbi huenda hamumjui kwa sura, lakini migebuka yake mmeila. Miaka ishirini na sita anabanika samaki nyuma ya nyumba, kwenye tanuri la udongo alilolijenga mwenyewe, na muda wote huo, jamani, hakuna jirani aliyemsikia akipaza sauti. Hadi Jumamosi ile, wiki mbili kabla ya harusi ya binti yake, Asia.

Shadia, shangazi wa bwana harusi, alifika na Faridi mwenyewe. Salamu ikawa fupi. Shadia aliwahi kuwapikia Wachina wajenzi wa barabara kambini kwao, akarudi na elimu ya nyota zao.

"Mama Asia, harusi haipo," akasema. "Kwa Wachina kila mwaka una asili yake: mti, moto, udongo, chuma au maji. Faridi ni wa tisini na sita, moto. Asia wa elfu mbili na mbili, maji. Maji yanazima moto. Mwanangu atazimwa ndani ya nyumba yake."

"Kadi zimeshafika hadi kwa ndugu zetu wa Kagunga!"

"Kadi si nyota."

Mwanamvua akainuka. "Haya, njoo hapa. Sogea, moshi haung'ati! Hizi kuni, huu moto. Tanuri la udongo, chanja cha chuma chenye migebuka, maji haya kwenye beseni. Hivyo vitano vyako vimenilelea watoto. Sasa tazama."

Akachochea kuni, akaacha moto uwake. Mafuta ya samaki yakachuruzika, ndimi zikapanda, migebuka miwili ikawa mkaa. Ndipo akachovya mkono kwenye beseni, akanyunyizia kuni. Moto ukashuka, moshi mzito ukajaa chini ya chanja.

"Umezimika?"

Shadia akajipangusa moshi machoni.

"Nakuuliza, umezimika?"

"Haujazimika."

"Bila maji, moto unaniunguzia kila kitu! Na hao Wachina wako walikwambia maji yanaufanya nini mti?"

"Yanaulisha," Shadia akajibu kwa shida.

"Na mti?"

"Unaulisha moto."

"Kumbe ulijua! Ulijua, ukaja na nusu ya somo kumvunjia mwanangu heshima!"

Shadia akajifunga upya kanga yake. "Basi yaishe, Mama Asia. Harusi iendelee."

Asia alikuwa mlangoni tangu mwanzo. Shadia hata hakumtazama.

"Faridi, wewe unasemaje?" Asia akauliza.

Faridi akafungua mdomo, kisha akamgeukia shangazi yake kwanza.

Asia akavua pete, akamwekea kiganjani. "Mambo ya nyota mama kayajibu. Hilo la kumtazama shangazi ndipo useme, mimi siliwezi. Nendeni."

Mwanamvua hakumbembeleza mtu. Akaitoa ile migebuka miwili iliyoungua, akaifunga kwenye gazeti na kumsukumia Shadia kifuani.

"Chukua. Hii ndiyo harusi yenu."