Sahani Tupu ya Bi Mwanakuu

Yasemwa Bondeni, na yamefika mpaka Marikiti, kwamba nyumba ya marehemu mume wangu Badawi imefilisika hata tukamrudishia jirani sahani tupu. Wengine wanasema nimemnyima wifi yangu chakula mpaka akakonda. Yote mawili ni uongo, na mdomo ulioyatunga unanuka kuliko mfereji wa taka. Nitaeleza mara moja.

Mwanakuu ni dada mkubwa wa mume wangu. Maisha yake yote amekaa kitako akishona kofia za mkono, na mabwana harusi wengi wa Mji wa Kale wameoa na kazi yake kichwani. Sasa amepita miaka sitini na tano, magoti yamechakaa, na mwili umemwelemea. Daktari alikataa kumpasua goti mpaka apunguze uzito. Mwenyewe alikuwa na haja moja tu.

"Nataka nisujudu, wifi," aliniambia akilia. "Nimechoka kusali juu ya kiti kama ninayengoja zamu benki."

Basi nikaondoa nazi na samli jikoni. Nikampa mchicha, samaki wa kuchoma na papai. Mizani haikushuka. Daktari akanitazama mimi, mwalimu mstaafu, kama mwizi.

Kwetu, jirani akikuletea kitu, humrudishii chombo chake kitupu. Utatia chochote, hata ndimu. Heshima hiyo Mwanakuu aliigeuza mtego. Chumba chake ni ghorofani, na ana kikapu chenye kamba anachokiteremsha dirishani kununulia mboga. Kila nilipokwenda darsa alasiri, alimteremshia Nabiha papai langu. Nabiha ni jirani wa chini, mpishi wa vitu vya kuuza mlangoni. Kikapu kilipanda na viazi karai vya kukaangwa na kaimati za shira.

Siku moja darsa liliahirishwa. Nikiwa ngazini nikasikia:

"Bi Mwanakuu, papai jengine? Mna shamba huko juu?"

"Tia, mwanangu, usiulize. Na ukwaju usisahau!"

Nilipofika juu, sahani ilikuwa imebaki mafuta. Yeye yuko kitini, vidole vinanata shira, kidevu kinachuruzika. Hata hayo ningeyavumilia. Lakini miguuni pake ulitandikwa msala wake wa kusalia, nao ndio uliokuwa meza. Pale hasa paji la uso linapotakiwa kugusa, mafuta ya manjano yameganda, vipande vya kaimati vimeshika nywele na vumbi, na sisimizi wanakula kwa raha zao. Nikaziba mdomo kwa leso.

"Kiazi kimoja tu, wifi," akasema huku akitafuna. "Nami ni mtu."

"Ndipo unapotaka kumsujudia Mola wako hapa? Haya, inama."

Akajivuta mbele, akatazama chini. Nadhani alikuwa hajautazama msala ule kwa muda mrefu, tumbo lilimzuia. Akatema alichokuwa nacho kinywani, akakiangalia kiganjani, uso ukamkunjamana kama wangu.

Aliipangusa sahani ya Nabiha, akaitia kikapuni tupu, kwa mkono wake mwenyewe, akateremsha.

"Ehe! Mbona tupu, Bi Mwanakuu? Nimekukosea nini?" Nabiha alipaza sauti mpaka madirisha ya jirani yakafunguka.

"Hujanikosea, mwanangu. Kikapu nacho kichukue."

Akatwaa mkasi wake wa kushonea kofia, akaikata kamba.

Naam, niliona aibu. Katika nyumba ile hakijawahi kutoka chombo kitupu. Lakini afadhali sahani tupu kuliko msala ule, ambao niliufua kwa maji ya moto na bado ukanuka mafuta, nikautupa. Nilimnunulia mwengine. Ameukunja juu ya kasha, hauguswi, na mizani imeanza kushuka.

Amepungua kiasi gani, atapasuliwa lini, na siku atakayoweka paji lake chini, hayo ni yake na Mola wake. Msije mlangoni kwangu kuuliza. Sisemi zaidi.