Msitu Ulikuwa na Wenyewe

Watoto wa jirani yangu hapa Richfield, Amerika, wanachora kwa chaki kwenye saruji ya maegesho. Harufu ya vumbi lake ikinifikia dirishani, hasira yangu inarudi ileile.

Nilipokuwa shuleni mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kwa hiyo mwalimu wa historia alinipa daftari lake niwaandikie wenzangu ubaoni, yeye akinywa chai ofisini. Niliipenda kazi hiyo kuliko chakula. Siku hiyo somo lilikuwa chanzo cha Vita vya Miaka Saba: Waingereza na Wafaransa waligombea msitu wa Amerika, kisha Prussia ikaungana na Uingereza, Austria ikaungana na Ufaransa, na vita vikasambaa hadi Afrika na Bara Hindi. Mwishoni niliongeza sentensi yangu: "Msitu huo ulikuwa na wenyewe." Darasa zima likainakili.

Mwalimu aliporudi aliisoma mara mbili.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nimewaza, mwalimu."

"Nani kakutuma uwaze? Mtihani utakuuliza unachowaza?"

Wenzangu wakacheka. Akawaamuru waikate kwa rula, nao wakaikata, kila daftari mstari ulionyooka.

Tangu hapo nimesoma mwenyewe kila kitabu nilichopata kuhusu vita hivyo. Wenye msitu walikuwepo, na walipigana.

Siku ile mwalimu hakunichapa. Alinisogelea tu, akauliza kwa upole, "Ubao bado unautaka?"

"Nautaka, mwalimu," nikasema, nikaifuta sentensi yangu kwa kiganja changu mwenyewe.