Machela ya Mtu Mmoja

Ijumaa nilienda kwa mama fundi wa Suneka kuchukua suruali niliyotaka ipunguzwe urefu. Mbele yangu alisimama mwanamume wa makamo, ameshika kitambaa chepesi cha nailoni.

"Nishonee machela, mama. Isiwe nzito."

Mama alisimamisha cherehani. "Pole, baba. Mgonjwa ni nani?"

"Hakuna mgonjwa. Nitalala mimi, kando ya ziwa. Kayaki yangu ni mtumbwi wa mtu mmoja, hautaki mizigo." Akatoa mswaki kwenye begi atuonyeshe, alikuwa ameukata mpini ili upungue uzito.

"Na upande huu atashika nani?"

"Mti."

"Na ule mwingine?"

"Mti pia. Nitaining'iniza."

Mama akachukua kitambaa, akashona. Machela ilitoka na mishikio minne ambayo hakuna aliyeiagiza.

"Hii itaongeza uzito," mwanamume akasema.

"Iache tu. Machela hubebwa na watu."

Nilicheka njia nzima. Nyumbani nikajaribu kuwataja wanne wa kunishikia machela mimi. Nilimpata mmoja, yule mama fundi, ambaye hata jina langu halijui; kwenye suruali yangu ameandika kwa chaki: "Yule mfupi."