Sauti Iliyouliza kwa Adabu

Asubuhi ile kule Nshamba sijaisahau, mwanangu. Ukungu ulikuwa umejaa kibanjani, shambani kwetu kuizunguka nyumba, migomba ya mbali haionekani. Nilikuwa kidato cha pili. Babu alikuwa hoi kitandani, na sote tulihofu kwamba siku hiyo hataimaliza. Lakini kesho yake nilikuwa na mtihani wa Kiingereza, basi nikatoka uani kukariri yale maswali yasiyo ya moja kwa moja, ambayo hata wewe yanakutoa jasho, usinifiche.

Mwalimu alitufundisha kwamba ukiuliza kavukavu, ile "is" inamtangulia mtu unayemuulizia. Ukiuliza kwa adabu, inakwenda mwisho. Nikawa nasema kwa sauti, "Could you tell me where my grandfather is?" yaani, tafadhali niambie babu yangu yuko wapi. Nikikosea, narudia.

Mara mtu akauliza kutoka migombani, polepole, bila kosa lolote: "Could you tell me where your grandfather is?"

Nilidhani ni mwenzangu wa darasani ananitania. Nikafungua mdomo niseme yumo ndani. Kiganja cha Bibi, aliyekuwa ametoka ndani nyuma yangu, kikaniziba. Akasema kwa Kihaya, akiitazama migomba, "Hujapiga hodi. Taja jina lako na la baba yako, kisha useme shida yako."

Kwetu mgeni hupiga hodi tangu pembeni mwa kibanja na kujitaja, hata awe jirani. Tulingoja. Hakuna aliyejitaja. Jani halikutikisika, wala hatukusikia mtu akiondoka.

"Ulitaka kumjibu?" Bibi akaniuliza.

"Ameuliza kwa adabu, Bibi."

"Na uso wake umeuona?"

Mchana Babu aliomba uji, akanywa, na akaishi miaka mingi baada ya hapo. Wenzangu wote niliwauliza. Hakuna aliyekuwa amefika kwetu.

Sasa nakuona hapa Bukoba, simu haikutoki mkononi. Mtu usiyemjua anakuandikia, "Samahani, naomba kujua kama mama yupo nyumbani," nawe unajibu hapohapo kwa sababu ameomba samahani. Naogopa, mwanangu. Jifunze kuuliza kwa adabu, ufaulu mitihani yako. Lakini ukiulizwa alipo mtu wako, nyamaza mpaka anayeuliza aseme yeye ni nani. Mungu akufunike wewe na wote unaowapenda, na anayewatafuta kwa ubaya akute mlango umefungwa.