Aliyetangulia Kukanyaga Weupe

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, theluji kwangu ilikuwa kitu cha kwenye kalenda. Baba alikuwa dereva wa watalii Karatu, na wageni wake walimwachia kalenda zenye picha za nyumba za mbao zilizozama kwenye weupe. Mdogo wangu Danieli alibandika moja juu ya kitanda chake.

Mwaka ule Mama aliumwa. Sisi watoto tuliambiwa ni tumbo. Alirudi kutoka hospitali amekonda, na wiki hiyohiyo Baba akaazima funguo za kibanda cha mbao cha tajiri wake, kule Oldeani, msitu unapoanza. Msimu wa wageni ulikuwa haujaanza.

"Tunakwenda Jumamosi, tunakula, tunalala, tunarudi," alisema.

Hatukuwa watu wa kwenda mahali kupumzika. Tulibeba sufuria, unga, kuku mzima, na Bibi, mama yake Baba, ambaye alikataa kuachwa.

Jioni Mama alikaa karibu na moto amevaa koti la Baba, akimtazama Bibi anavyobonyezabonyeza godoro.

"Mama, hicho kitanda haking'ati," alimtania.

"Cheka tu, mkamwana. Kitanda kirefu hivi ni cha kulazia maiti."

Tulicheka sote, ila Baba. Alitoka kwenda kutafuta kuni, na kuni zilikuwepo.

Asubuhi Danieli ndiye aliyewahi dirishani. "Theluji! Mama, theluji!"

Majani yote mbele ya kibanda yalikuwa meupe. Vitabuni tunaiita sakitu: umande uliogandishwa na baridi. Leo naifundisha darasani bila shida. Bibi alikuwa na elimu nyingine. Kwao Mbulu wazee walilihesabu jua kuwa ni mama wa watu wote, nao walimfunza kwamba weupe ukishuka usiku haukanyagwi mpaka jua liuone kwanza. Anayetangulia kuukanyaga huitwa na mauti kabla ya mavuno.

"Danieli! Rudi!" Bibi alipiga kelele. "Jua bado!"

Danieli alikuwa ameshafungua mlango. Bibi alijaribu kuinuka, magoti yakamkatalia, akabaki amenyoosha mikono. Sijawahi tena kuona hofu kama ile usoni mwa mtu mzima. Ndipo Mama, ambaye tangu tufike alikuwa akitembea kwa kushika ukuta, akakimbia. Alimdaka Danieli kwenye sweta, akamrudisha ndani, kisha akatoka yeye, peku, mpaka katikati ya uwanja.

"Haya, Mama," alisema akihema. "Nimetangulia mimi. Mwache mtoto acheze."

Mama hakuamini mambo hayo. Alikuwa mwanakwaya, na kila Bibi alipotemea mbegu mate ya baraka, yeye aliguna na kuendelea na jembe lake. Lakini asubuhi ile hakuguna. Alisimama pale akitetemeka, anatabasamu, huku Danieli akimpita mbio, akikwangua weupe kwa viganja na kuulamba. Bibi alilia bila sauti. Baba akatoka na blanketi, akamfunika Mama, na wakasimama hivyo mpaka jua lilipopanda juu ya miti.

Mama alifariki mahindi yakiwa yanakaukia shambani.

Bibi hakumlaumu Danieli hata siku moja. Alisema tu, mpaka alipoingia kaburini, "Mkamwana wangu alichukua zamu ya mjukuu wangu." Nilipokuwa mkubwa, Baba aliniambia kwamba daktari aliwaeleza yeye na Mama yote kabla ya safari ile: Mama hakuwa wa kupona. Ndiyo maana aliziomba zile funguo.

Kwa hiyo onyo la Bibi lilitimia juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa. Hilo nalielewa. Kinachonirudia ni zile mbio. Huenda Mama alikimbia kwa ajili ya Bibi, ili mama mkwe wake apate kupumua. Au huenda, alipomwona mwanawe kizingitini, alitambua kwamba kutoamini kwake kulimtosha yeye peke yake, hakukutosha kuwa dhamana ya uhai wa mtoto.

Sasa nimemzidi Mama umri. Wanafunzi wangu huniuliza kama miiko ya mabibi ni ya kweli, nami huwaeleza kwa upole jinsi umande unavyoganda. Sijawahi kuwaeleza zaidi. Mama alikuwa amebakiwa na nguvu kidogo sana, na niliona kwa macho yangu alizitumia kwa jambo gani.